Mwalimu January na Barua za Silvano

"Mwalimu, kila mwaka unawatafutia wenzako nafasi za kusoma Ulaya. Mbona wewe mwenyewe hujaenda?"

Nilimwuliza hivyo Mwalimu January Likapa Jumamosi moja ya mwaka 1970, kwenye baraza ya posta ya Newala. Nilikuwa na miaka tisa na mdomo usio na breki. Yeye alikuwa anabandika stempu, ulimi umetoka nje kidogo tayari kulowesha nyingine. Akaurudisha ndani. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Umekula, Bertila?"

"Nimekula, Mwalimu."

"Umeshiba?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sema kwa sauti. Mtu akikuuliza hivyo, usimwitikie kwa kichwa."

"Nimeshiba, Mwalimu."

"Haya," akasema, akarudi kwenye stempu zake. Nilikaa pale nikidhani jibu langu linakuja. Halikuja. Lilichukua miaka minane.

Baba yangu, Rogath, alikuwa karani wa posta. Alihamishiwa Newala kutoka Rombo mwaka 1969, tukapewa nyumba nyuma ya ofisi, ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba nililala nikisikia mihuri kichwani. Kule kwetu mlima uko juu yako. Newala ni wewe uliye juu, halafu pale wanapopaita Shimo la Mungu nchi inakatika ghafla, na bonde zima la Ruvuma linalala chini ya vidole vyako. Miezi ya baridi ukungu hupanda kutoka huko shimoni asubuhi, ukaingia mjini kwa njia ileile wanayopita watu. Mchana, upepo ukivuma kutoka kusini, tulisikia mabomu ya Wareno upande wa Msumbiji. Hayakuwa na kishindo kama unavyofikiri. Yalisikika kama mtu anayetupa magunia ya korosho ghalani, moja, halafu jingine, bila haraka.

Mwalimu January alifundisha shule ya msingi ya kijiji cha Mkunya. Alikuwa mrefu, mwembamba sana, shati jeupe siku zote, na hakuna mtu pale Newala aliyewahi kumwona akila. Mama alimkaribisha mara ngapi! Alikunywa maji, akasema ahsante Mama Bertila, akaondoka. Wengine walisema ana vidonda vya tumbo. Mama alisema ni ubahili wa kuogopa kutukaribisha na sisi.

Lakini kwa mambo ya skolashipu, hakuna mfano wake kuanzia Newala mpaka Masasi. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu la bluu, ndani yake anwani za balozi zote zilizokuwa Dar es Salaam, za vyuo, za makanisa, za vyama vya vijana vya nchi ambazo mimi nilizijua kwa stempu tu. Redio ikitangaza nafasi baada ya taarifa ya habari, Mwalimu alishaandika kabla mtangazaji hajavuta pumzi. Magazeti yalitufikia yakiwa na umri wa siku nne, na mengi yaliishia kufungia sukari kwenye duka la Majaliwa. Basi Mwalimu alipatana na Majaliwa kwamba gazeti lolote lisichanwe kabla yeye hajalisoma. Hivi ndivyo Leonia, binti wa Mkunya, alivyokwenda kusomea maabara Ujerumani Mashariki. Tangazo lake lilikuwa tayari limelowa mafuta ya taa.

Waombaji walikuja posta kila Jumamosi. Foleni yao ilianzia barazani ikaishia kwenye mkorosho. Nilipenda kuwasikiliza kuliko kitu chochote.

"Unataka kusomea nini?" Mwalimu alimwuliza kijana mmoja, Adolf, aliyepanda lori kutoka Lupaso.

"Chochote, Mwalimu, mradi Ulaya."

"Chuo cha chochote hakipo. Sema."

"Basi udaktari."

"Damu unaiweza?"

"Ya kuku, Mwalimu."

Foleni ikaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Andika uhandisi," akasema. "Na hapa usiandike 'naomba mnihurumie mimi mtoto wa maskini'. Maskini wanao wa kwao. Andika alama zako za hesabu, ndizo wasizonazo."

Adolf alikwenda Bulgaria. Alituma picha amevaa kofia ya manyoya, na watoto wa Lupaso wakasema amegeuka paka.

Kwenye fomu kulikuwa na maswali mengi: mwaka wa kuzaliwa, afya, wadhamini, picha nne za uso. Wazazi wengi hawakujua mwaka, walijua tu kwamba mtoto alizaliwa nzige walipokuja, na Mwalimu alikuwa na orodha ya nzige, njaa na mafuriko, akageuza yote kuwa tarehe za kuapia mahakamani. Alipomaliza, alifunga kalamu na kuuliza swali moja ambalo halikuwa kwenye fomu yoyote.

"Na nani atabaki kwa mama yako?"

Aliyekosa jibu hakunyimwa fomu. Lakini Mwalimu alimwandikia polepole zaidi.

Mwisho wa kila mwezi alikuja posta mama mmoja kutoka Mkunya kwa miguu. Jina lake la ubatizo lilikuwa Anastasia, ila kila mtu alimwita Mama Silvano. Alikuwa na chale za Kimakonde mashavuni na kanga aliyoifunga ikakazika kama mtu anayekwenda mbali. Hakusukuma wala hakupaza sauti. Alifika dirishani, akamwuliza baba neno lilelile.

"Baba Bertila, ya Silvano imefika?"

"Imefika, Mama."

Haijatokea hata mwezi mmoja baba akasema haijafika. Barua za watu wengine zilipotea, zililowa, zilipelekwa Nachingwea badala ya Newala. Ya Silvano ilifika.

Alikuwa hajui kusoma. Mara ya kwanza alinikuta nimekaa barazani nikinyonya bibo la mkorosho. "Shikamoo," nikamwambia. "Marahaba, binti wa posta. Macho yako yanaona? Njoo unisomee." Tangu siku hiyo ikawa kazi yangu. Nakumbuka moja karibu yote:

"Mama yangu mpendwa, salamu nyingi. Mimi sijambo. Huku baridi imeanza. Jua linatoka lakini halina moto, kama taa ambayo mtu amesahau kuizima asubuhi. Theluji inaanguka bila sauti, unaamka unakuta dunia yote imenyunyiziwa unga. Chumbani tuko wawili, mimi na mwenzangu. Masomo yanaendelea vizuri. Chakula ninapata. Ninakula chote. Nimeshiba, mama. Ni mimi mwanao, Silvano."

Mama Silvano alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipofika mwisho aliijibu karatasi, si mimi. "Haya, baba. Shukuru Mungu. Kesho nitapika tena."

Barua zote zilikuwa na mambo tofauti. Moja ilisimulia garimoshi linalopita chini ya ardhi, nyingine ilisimulia jinsi wazungu wanavyozika mbwa. Lakini zote, kila moja, ziliishia hapo: Ninakula chote. Nimeshiba, mama.

"Atarudi lini huyu Silvano, bibi?" niliuliza siku moja.

"Silvano?" Alikunja barua mara nne, akaificha kifuani. "Huyu kila mwezi anarudi."

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka, akaondoka, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado haujaisha. Niliwaona watu waliokuwa barabarani wakimpisha. Wote waliangalia chini.

Mimi mtoto wa posta nilijua stempu. Nchi za baridi zina stempu za wafalme, za maua, za wanaanga. Stempu za Silvano zilikuwa za samaki. Ni zilezile alizouza baba dirishani. Na mhuri uliopigwa juu ya samaki ulisema NEWALA.

"Baba, na Ulaya wanatumia stempu zetu?"

Baba aliendelea kugonga mihuri. "Barua ina stempu?"

"Ina."

"Ya halali?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi posta imemaliza kazi yake. Posta haimwulizi mtu anaandikia wapi." Halafu akaacha kugonga, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Bertila, na wewe usimwulize yule mama. Unanielewa?"

Alinikataza kumwuliza yule mama. Hakunikataza kuwauliza wengine. Kwa hiyo mwaka uliofuata, 1971, nilipotumwa sokoni kununua ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa kama viazi, nilimwuliza aliyekuwa anaiuza, Mama Nikolao, naye mtu wa Mkunya.

"Mama Nikolao, Silvano wa Mama Silvano anasoma nchi gani?"

Mkono wake uliokuwa unachagua ming'oko ulisimama hewani. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Mimi ndiye ninayemsomea barua."

"Basi wewe mtoto una moyo." Alitazama kulia na kushoto, sokoni saa nne ya asubuhi, jua kali, kelele za wachuuzi, na bado nilihisi baridi kabla hajafungua mdomo. "Silvano hayuko nchi yoyote. Silvano hakutoka jandoni."

Hivi ndivyo alivyonieleza, na nimewauliza wengine baadaye nikakuta haongezi chumvi.

Silvano na January walikuwa marafiki tangu wakiwa wadogo. January hakuwa na mama, alikufa akimzaa. Wote wawili walisoma shule ya bweni ya misheni tangu utotoni, wakawa hawapo kila wenzao walipoingizwa jandoni. Silvano ndiye aliyekuwa na akili ya ajabu. Mwaka 1965, akiwa na miaka kumi na tisa, aliomba nafasi ya kusoma uhandisi chuo kikuu huko ng'ambo, akawa anasubiri jibu. Mjomba wake, ambaye kwa Wamakonde ndiye mwenye neno, akasema: anavukaje bahari huyu akiwa bado mtoto? Akija kufia huko atazikwa na wanaume gani? Wakamwambia hospitalini kuna daktari, mjomba akasema daktari anakata, hafundishi. January akamsindikiza mwenzake. Wakaingizwa wote wawili porini pamoja na vitoto vya miaka tisa, wakachekwa wakazoea.

Kambi ile, likumbi, mama haiingii. Mama anapika nyumbani, jioni anabeba bakuli mpaka kwenye njia iliyowekewa alama, analiweka chini, anaita jina la mwanawe aitike kwa mbali, kisha anageuka bila kuangalia nyuma. Walezi wanakuja kuchukua. January, kwa kuwa hakuwa na wa kumpikia, alikula bakuli moja na Silvano.

Wiki ya tatu kidonda cha Silvano kiliharibika. Homa ikampanda, akafa, wakamzika hukohuko porini bila msalaba.

"Na mama yake?" niliuliza.

"Mama haambiwi," alisema Mama Nikolao. "Ndivyo ilivyo. Akiambiwa atalia, akilia mama wote watajua, likumbi litavunjika. Anapika. Analeta. Anaita. Siku watoto wanapotoka, wenzake wanawapokea wana wao kwa vigelegele, yeye anarudishiwa bakuli lake, limevunjwa. Hapo anajua."

"Alipika siku ngapi?"

"Kumi na tisa, baada ya kifo." Akajaza ming'oko kwenye kikapu changu, akaongeza mitatu bure. "Haya nenda. Na mimi sijakwambia kitu."

Nilikwenda. Njia nzima nilikuwa na swali ambalo nilisahau kumwuliza, na sikuwa na ujasiri wa kurudi. Kama Silvano alishakufa, siku zile kumi na tisa mama yake alipoita, aliitikiwa na nani?

Kuhusu barua za kila mwezi, sikuhitaji tena kuambiwa. Mwalimu January alikuwa anaandika herufi ya g yenye mkia uliopinda kwa nyuma, kama ndoana. Mkia ule niliuona kwenye fomu za waombaji wote. Sijui ilikuwaje nisiuone kwenye barua.

Niliendelea kumsomea Mama Silvano. Ningefanyaje? Nilishusha sauti nilipofika kwenye "nimeshiba, mama", naye akanigusa goti: "Soma tu. Usimwogope."

Jambo jingine Mkunya nzima ililijua. Wiki moja tu baada ya bakuli kuvunjwa mwaka ule wa 1965, barua ya ng'ambo iliwasili. Silvano Nampunju amepata nafasi, gharama zote za masomo na safari zimelipwa, alete picha nne. Mama Silvano aliichukua ile barua mpaka kwa January, akampa mkononi. "Nenda wewe. Chukua jina. Umekula chakula chake, beba na jina lake." January alikwenda Masasi kwa mpiga picha, akapiga picha nne. Hazikutumwa. Watu walisema picha zilipotoka, uso uliokuwemo haukuwa wa January. Hicho ndicho kilichosemwa. Mimi nakiandika kama nilivyokisikia.

Sasa nifike mwaka 1974, mwaka wa kuhamia vijijini. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyumba za Mkunya zilizokuwa zimetawanyika kwenye mikorosho zilitakiwa zijengwe upya kwa mistari kando ya barabara, kila moja na namba. Nyumba ya Mama Silvano ilipewa namba kumi na nne. Alimfuata katibu wa kijiji, tena mbele za watu.

"Silvano atajuaje namba kumi na nne?"

Katibu alikuwa mgeni, kutoka Iringa. "Mama, si utamwandikia umweleze?"

Watu wakainamisha vichwa. Katibu akadhani wanamheshimu.

Mwezi ule barua ilikuja imeandikwa: Mama Silvano, Nyumba Namba 14, Mkunya. Niliposoma bahasha alipumua kama mtu aliyetua mzigo.

Mwaka huohuo wizara ilitangaza nafasi za walimu kwenda kuchukua shahada ya ualimu ng'ambo. Sharti: mwombaji asizidi miaka thelathini. Mwalimu January alikuwa na ishirini na minane. Alinakili tangazo kama kawaida, akaanza kuwatafuta walimu vijana. Baba ndiye aliyemkamata.

"January, hii ni yako. Mwakani na mwaka unaofuata hawatangazi, ukija kushtuka umezeeka."

"Mimi, Baba Bertila, nina kazi."

"Kazi ipi? Ya kupeleka watu Ulaya kama konda?"

Hata Majaliwa wa duka alimsema. "Umetoa watu kumi na saba, Mwalimu! Hata mwenye shamba hula hindi moja!"

Nadhani alichoka kukataa. Akaijaza. Siku alipoandika jina lake, nilikuwa nimesimama kando, na daftari lake la bluu lilikuwa wazi. Ndani ya jalada la nyuma palikuwa pamebandikwa picha ndogo nne, zile za Masasi. Niliziona vizuri. Haukuwa uso wa mtu mwingine. Alikuwa Mwalimu January kijana. Ila katika picha zote nne, shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa, kama mtu aliyeshika tonge mdomoni asiyetaka kulimeza mbele ya watu.

Aliona ninachoangalia, akafunga daftari.

Alikubaliwa. Mwezi wa tisa barua yake ilifika na tiketi ya ndege, na safari ikapangwa: gari mpaka Masasi, Lindi, Dar es Salaam. Usiku, kupitia ukuta wa chumba, nilimsikia baba akimwambia mama, "Atamwambiaje yule mama?" Mama akasema, "Na barua zitaandikwa na nani?" Hilo ndilo lililokuwa mawazoni mwa kila mtu. Akiwa huko, angeweza kuandika barua zenye stempu za huko za kweli, ndiyo. Lakini barua moja ilikuwa inachukua wiki sita. Na kama zingepotea?

Mwalimu alimwambia yeye mwenyewe. Nilikuwepo, nikiwa nimeketi kwenye kizingiti cha namba kumi na nne nikisubiri kusoma. Mama Silvano alisikiliza mpaka mwisho, hakulia.

"Nenda, baba," akasema. "Mwenzako yuko huko. Utamkuta."

Sijawahi kusikia maneno mazuri yaliyonitisha kiasi hicho. Mwalimu January alisimama, akakaa, akasimama tena.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa mzito hata gari hatukuliona, tulisikia injini tu. Nusu ya Newala ilikuja. Waombaji wake wa zamani na wa baadaye walimpa mikono. Kisha watu wakapisha njia, na kutoka kwenye ukungu akatokea Mama Silvano amebeba bakuli kichwani. Lilikuwa la udongo, limevunjika vipande vitatu na kuunganishwa kwa ulimbo, mistari myeusi inaonekana. Ndani ugali wa muhogo na kuku. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Wazee walilijua lile bakuli.

"Kula kabla hujaondoka," Mama Silvano akamwambia.

Watu mia wanatazama mtu ambaye hawajawahi kumwona akila. Mwalimu akamega tonge. Akalitia mdomoni. Shavu la kushoto likajaa, likabaki hivyo. Akapanda gari amelikumbatia bakuli, dereva akapiga honi, na uso wake dirishani ulikuwa uleule wa zile picha.

Alirudi siku ya tatu.

Nilimwona mimi wa kwanza. Nilikwenda kufagia baraza ya posta, saa moja asubuhi, ukungu, na mtu akawa anakuja katikati ya barabara bila sauti ya miguu. Nilitaka kukimbia. Kisha nikaona shati jeupe, na bakuli. Alifika Masasi, tulikuja kusikia, akalala kwa rafiki yake, na asubuhi gari la Lindi likaondoka yeye amesimama pale chini ya majabali. Tiketi ya ndege ilikuwa bado mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bertila. Baba amefungua? Nataka stempu."

Alichekwa, nisiseme uongo. "Mwalimu, Ulaya siku hizi imehamia Masasi?" Waliotaka kwenda kwa miaka wakanuna kabisa: nafasi imepotea, mwenye meno kakataa mfupa. Wizara ilimwandikia kwa ukali. Alisoma, akaweka kwenye daftari. Mwisho wa mwezi Mama Silvano alikuja dirishani, ya Silvano ikawa imefika, nikasoma. Chakula ninapata. Ninakula chote. Nimeshiba, mama.

Mama Silvano amefariki mwaka huu wa 1978, mwezi wa nne. Niko kidato cha nne, shule ya bweni Masasi, nilipewa ruhusa nikaja mazishini. Baada ya maziko chakula kilipakuliwa, watu wakakaa kwenye mikeka, na Mwalimu January akaja akakaa kati yetu. Akanawa. Akala. Alikula sahani nzima polepole, akimeza kila tonge, na hakuna aliyethubutu kuzungumza mpaka alipomaliza. Ana miaka thelathini na miwili. Hakuna tangazo linalomtaka tena.

Kesho yake nilimfuata nyumbani. Nilikuwa na fomu. Redio ilitangaza nafasi za wasichana watakaopenda kusomea ufamasia ng'ambo baada ya kidato cha sita, na maombi yanaanza mapema. Alinijazia mwaka wa kuzaliwa, akanifutia sentensi mbili za kuomba huruma, akafunga kalamu.

"Na nani atabaki kwa mama yako?"

"Baba yupo, na wadogo zangu wawili. Mwalimu, na mimi nina swali. Nilikuuliza nikiwa na miaka tisa."

"Nalikumbuka."

Sikulirudia. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita, na siku hizi upepo wa kusini hauleti tena chochote, vita vimekwisha. Kisha akajibu, akitazama mahali palepale nyuma yangu, ambapo na leo hapakuwa na mtu:

"Siku aliyozikwa Silvano, jioni mama yake alikuja akaita: Silvano, umeshiba? Walezi wakanishika mabega wakasema itika wewe, sauti zenu zinafanana. Nikaitika, nimeshiba, mama, na chakula kiko mdomoni. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu alisimama kidogo kule njiani, halafu akaita tofauti. Hakusema Silvano. Alisema: umeshiba, mwanangu? Alikwishajua, Bertila. Alijua mwanawe amekufa, na alijua anayeitika ni nani, na siku kumi na sita zilizobaki akaendelea kupika. Mimi sikuwahi kuwa na mtu wa kuniita jioni. Sasa niende Ulaya, halafu yeye aite, nani aitike?"